Sianidi mwilini: viuasumu vinavyofanya kazi, na namna ya kuvitumia kabla muda haujapita

Mgonjwa wa sianidi anaweza kuwa na damu iliyojaa oksijeni, na bado seli zake zikafa kwa kukosa oksijeni. Ukilielewa hilo, kila dawa itakayotajwa hapa chini utaielewa. Utajua pia kwa nini dawa inayomwokoa mfanyakazi wa kiwandani inaweza kummaliza mtu aliyetolewa kwenye nyumba inayoungua.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, matabibu, waokoaji na wasimamizi wa usalama kazini. Dozi nilizoandika ndizo zinazotumika kwa kawaida, lakini ukiwa mbele ya mgonjwa fuata karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye pakiti ya dawa pamoja na utaratibu wa hospitali yako. Kama kuna kituo cha taarifa za sumu, wapigie simu mapema. Kama wewe si mhudumu wa afya, hatua mbili za mwanzo ndizo zako. Kwenye zinazofuata utaona kwa nini mgonjwa anapaswa kufikishwa hospitali bila kupoteza hata dakika moja.

Sumu hukaba wapi

Ndani ya seli kuna mitokondria, mahali ambapo chakula na oksijeni hugeuzwa kuwa nguvu. Kazi hiyo hupita hatua kwa hatua, na hatua ya mwisho iko mikononi mwa kimeng'enya kinachoitwa saitokromu oksidesi. Hicho ndicho kinachokabidhi elektroni kwa oksijeni. Katikati yake kuna atomu ya chuma, na chuma hicho kinapokuwa na chaji tatu, sianidi hukikamata kwa nguvu. Kikishakamatwa, oksijeni haipokelewi tena. Ni sawa na mtu aliyewekewa chakula mezani huku mdomo wake umefungwa.

Seli hulazimika kutafuta nguvu bila oksijeni, na njia hiyo huzalisha laktati kwa wingi hadi damu inakuwa na asidi. Ubongo na moyo, ambavyo havina akiba, ndivyo vinavyoumia kwanza. Damu inayorudi kupitia vena hubaki nyekundu ya kung'aa, kwa sababu oksijeni iliyobeba haikutumika. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu ambaye yuko dakika chache kabla ya kufa, kwa hiyo usikubali namba hiyo ikutulize.

Habari njema ni kwamba mshiko wa sianidi kwenye kimeng'enya unaweza kuachiliwa. Ukiipunguza sianidi iliyo huru kwenye damu, ile iliyo ndani ya seli huanza kutoka, na kimeng'enya hurudi kazini. Viuasumu vyote vimejengwa juu ya ukweli huo. Vingine huiwekea sianidi mtego inaoupenda kuliko kimeng'enya, na kingine huisaidia ini kuigeuza iwe kitu kisicho na madhara makubwa.

Hatua ya 1: Mtoe mgonjwa, lakini usife naye

Gesi ya sianidi huua ndani ya dakika chache, na mara nyingi mtu wa pili kuanguka ni yule aliyekimbilia kumwokoa wa kwanza. Usiingie kwenye chumba chenye gesi au moshi bila kifaa cha kupumulia chenye hewa yake. Barakoa ya kitambaa haisaidii chochote hapo.

Mgonjwa akishafika kwenye hewa safi, mvue nguo na uziweke kwenye mfuko unaofungika. Kama kemikali imemgusa ngozi au macho, mwoshe kwa maji mengi. Kama amemeza chumvi ya sianidi, fahamu kwamba asidi ya tumboni huigeuza kuwa gesi, kwa hiyo pumzi na matapishi yake ni hatari kwako. Usimpulizie mdomo kwa mdomo, tumia mfuko wa kupumulia wenye barakoa. Usimtapishe.

Usitegemee harufu. Watu wengi wamesoma kwamba sianidi hunuka kama lozi chungu, na ni kweli kwa baadhi ya pua, lakini wapo watu waliozaliwa bila uwezo wa kuisikia harufu hiyo kabisa. Kutosikia harufu si ushahidi wa usalama.

Hatua ya 2: Oksijeni asilimia 100, mara moja

Utauliza, kama tatizo ni kwamba seli haziwezi kutumia oksijeni, kwa nini tuongeze? Kwa sababu inasaidia. Oksijeni nyingi huvipa nguvu viuasumu, na kwa mtu aliyevuta moshi huondoa pia kaboni monoksaidi iliyojishika kwenye hemoglobini. Mpe kwa barakoa yenye mfuko wa akiba, au kwa mpira wa kupumulia kama hana fahamu. Moyo ukisimama, anza kukandamiza kifua. Degedege hutibiwa kwa dawa za kundi la diazepamu, na presha iliyoshuka kwa maji ya mshipani na dawa za kuinua presha. Huduma hizi peke yake zimewahi kuwavusha wagonjwa ambao hawakupata kiuasumu chochote, kwa hiyo zisiachwe kwa kisingizio kwamba dawa maalumu haipo.

Hatua ya 3: Shuku mapema, usisubiri maabara

Hapa ndipo maisha mengi hupotea. Kipimo cha kiwango cha sianidi kwenye damu hakitoi jibu kwa wakati wa kumsaidia mgonjwa. Mara nyingi huchukua saa nyingi, hata siku. Uamuzi wa kutoa dawa unafanywa kwa macho, kwa historia, na kwa kipimo kimoja cha laktati.

Mwanzoni mgonjwa huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, hupumua haraka, huchanganyikiwa na kuwa na hofu kubwa. Baadaye huja degedege, presha hushuka, mapigo ya moyo hupungua, pumzi hukatika. Ngozi inaweza kuwa na wekundu usio wa kawaida, lakini inaweza pia kuwa ya kibuluu, hivyo rangi peke yake isikuongoze.

Kisha uliza ametoka wapi. Sianidi hutumika kusafisha dhahabu migodini, kupaka metali kwa umeme na katika maabara. Lakini chanzo kinachosahaulika kuliko vyote ni moshi wa moto ndani ya jengo. Povu la magodoro na makochi, nailoni, sufu na hariri zikiungua hutoa sianidi. Tarehe 27 Januari 2013, moto ulipounguza klabu ya usiku ya Kiss mjini Santa Maria, Brazili, povu lililobandikwa kupunguza sauti liliungua na watu 242 walikufa. Haidroksokobalamini, dawa tutakayoijadili hivi punde, ililetwa Brazili kutoka Marekani baada ya moto huo, wakati wahanga tayari wamelazwa. Mtu aliyetolewa kwenye moto akiwa na masizi puani au mdomoni, fahamu zimepungua na presha imeshuka, mtibu kama mgonjwa wa sianidi mpaka ithibitike vinginevyo.

Kuhusu laktati, mwaka 1991 Frédéric Baud na wenzake wa Paris walichapisha utafiti wa wahanga wa moto ulioonyesha kwamba laktati inayozidi 10 mmol/L, kwa mtu asiye na majeraha makubwa ya moto, ni ishara nzito ya sianidi. Kwa sumu isiyohusiana na moshi, madaktari wengi huanza kushuku ikifika 8.

Vipo pia vyanzo vinavyochelewa. Asetonitrili, iliyomo katika baadhi ya viondoa kucha bandia, na amigdalini ya kokwa za aprikoti hazina sianidi iliyo huru. Mwili ndio unaoitoa humo. Mgonjwa anaweza kuja akicheka na kuongea, kisha akabadilika saa kadhaa baadaye. Huyu usimruhusu kurudi nyumbani. Na ukiwa chumba cha wagonjwa mahututi, kumbuka dripu ya nitroprusidi inayotumika kushusha presha: kila molekuli yake imebeba sianidi tano. Laktati ikipanda kwa mgonjwa wa dripu hiyo, ifunge kwanza, mengine yafuate.

Hatua ya 4: Toa damu kwanza, kisha dawa

Chukua sampuli za damu kabla ya kiuasumu, lakini ikiwa tu hazichelewi kupatikana. Sababu nitaieleza nikifika kwenye rangi ya haidroksokobalamini. Fungua mishipa miwili kama unaweza, utaihitaji.

Hatua ya 5: Chagua kiuasumu kinachomfaa mgonjwa huyu

Haidroksokobalamini ndiyo chaguo langu la kwanza popote inapopatikana, na kwa mtu aliyevuta moshi sioni ushindani. Ni aina ya vitamini B12. Katikati ya molekuli yake kuna atomu ya kobalti iliyoshika kikundi kidogo cha oksijeni na haidrojeni. Sianidi ikipita karibu, kobalti hukiachia kikundi hicho na kuishika yenyewe. Kinachopatikana ni sayanokobalamini, yaani vitamini B12 ileile inayouzwa kwenye vidonge, na figo huitoa kwenye mkojo. Sumu imegeuka vitamini, na katika safari nzima hemoglobini haikuguswa: damu inaendelea kubeba oksijeni kama kawaida. Uzuri mwingine ni kwamba dawa hii hushika pia naitriki oksaidi, kitu kinacholegeza mishipa, hivyo presha hupanda. Kwa mgonjwa ambaye presha yake imeanguka, hilo ni msaada.

Wapo wanaouliza kama zile sindano za kawaida za B12 zinazotumika kutibu upungufu wa damu zinaweza kuziba pengo. Tufanye hesabu. Molekuli moja ya haidroksokobalamini hushika sianidi moja tu, na yenyewe ni nzito mara hamsini hivi kuliko sianidi. Ndiyo maana dozi ya mtu mzima ni gramu 5, nayo hushika miligramu 100 hivi za sianidi. Chupa ya kawaida ya upungufu wa damu ina miligramu 1. Zingehitajika chupa 5,000. Jibu ni hapana.

Jozi ya sodiamu naitraiti na sodiamu thiosalfeti ndiyo ya zamani zaidi. Mwaka 1933, K. K. Chen na wenzake katika kampuni ya Eli Lilly ya Marekani walionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba dawa hizi mbili zikiunganishwa hulinda kuliko kila moja ikiwa peke yake.

Naitraiti hugeuza sehemu ya hemoglobini kuwa methemoglobini. Chuma cha hemoglobini ya kawaida kina chaji mbili na sianidi haikijali sana; cha methemoglobini kina chaji tatu, kama kile cha kimeng'enya kilichokabwa. Sianidi huhamia huko. Inaonekana pia naitriki oksaidi itokanayo na naitraiti ina mchango wake, kwa kuwa wagonjwa wengine hupata nafuu kabla methemoglobini haijawa nyingi. Tatizo ni gharama ya mtego huu: methemoglobini haibebi oksijeni. Kwa mfanyakazi mwenye afya aliyevuta gesi kiwandani, mwili unavumilia. Kwa mtu aliyetoka kwenye moshi, kaboni monoksaidi imeshachukua sehemu ya hemoglobini yake, na ukimpa naitraiti unamnyang'anya sehemu nyingine. Usimpe. Ogopa pia kumpa mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, mtoto mchanga, na mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambaye chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka.

Thiosalfeti haiweki mtego. Mwili una kimeng'enya chake cha kuondoa sianidi, rodanesi, kilichojaa zaidi kwenye ini. Hicho huchukua salfa na kuibandika kwenye sianidi, ikawa thiosianeti, ambayo figo huitoa. Kimeng'enya kipo cha kutosha. Kinachokwisha ni salfa, na thiosalfeti inaleta salfa hiyo. Ni dawa pole, inaweza kutolewa hata kama huna uhakika. Udhaifu wake ni kwamba huingia kwenye mitokondria polepole, hivyo kwa mgonjwa anayekata roho haitoshi kuwa peke yake. Lakini kama ndiyo pekee uliyo nayo, mpe. Kwa sianidi ya nitroprusidi, ambayo hujikusanya taratibu, inafanya kazi vizuri.

Kuna nyingine mbili utakazozisikia. Amaili naitraiti ni kimiminika cha kuvuta puani kutoka kwenye kichupa kinachovunjwa, kwa ajili ya dakika zile ambazo mshipa haujapatikana. Hufanya kazi kama naitraiti, na makatazo ni yaleyale. Dikobalti edetati imetumika Uingereza, ina nguvu na kasi, lakini kama mgonjwa hakuwa na sianidi, kobalti yenyewe inageuka sumu: presha huyumba, uso na koo huvimba, moyo hupiga ovyo. Isitolewe kwa kubahatisha.

Hatua ya 6: Namna ya kutoa

Haidroksokobalamini huja kama unga mwekundu, gramu 5 kwenye chupa ya kioo. Ongeza mililita 200 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Igeuze chupa juu chini au iyumbishe kwa angalau sekunde 60. Usiitikise kwa nguvu, itatoa povu na utapoteza dakika ukisubiri litulie. Tumia mpira wa dripu wenye chujio na tundu la hewa unaokuja na pakiti. Mpe kwa dakika 15. Kama moyo umesimama, harakisha kadiri mshipa unavyoruhusu. Mtoto hupewa miligramu 70 kwa kila kilo, zisizidi gramu 5. Hali ikiwa bado mbaya, gramu 5 nyingine zinaweza kutolewa kwa dakika 15 hadi saa 2, jumla isizidi gramu 10. Mshipa huo uwe wake peke yake: haielewani na thiosalfeti, naitraiti, damu ya kuongezewa, diazepamu, dopamini na dawa nyingine kadhaa. Ukitaka kuongeza thiosalfeti, tumia mshipa wa pili.

Kwa jozi ya zamani, naitraiti hutangulia. Mtu mzima hupewa miligramu 300, yaani mililita 10 za dawa ya asilimia 3, taratibu kwa dakika 2 hadi 4 huku presha ikipimwa. Mtoto ni mililita 0.2 kwa kilo, zisizidi 10. Ukisukuma haraka, presha itaporomoka mikononi mwako. Inafuata thiosalfeti gramu 12.5, ambazo ni mililita 50 za dawa ya asilimia 25, kwa dakika 10 hadi 30. Mtoto ni mililita 1 kwa kilo, zisizidi 50. Kichefuchefu na kutapika vinaweza kutokea. Dalili zikirudi, nusu ya dozi ya kwanza ya kila dawa hurudiwa.

Hatua ya 7: Soma matokeo bila kudanganyika

Dawa ikishika, presha huanza kupanda, degedege hukoma, fahamu hurudi, laktati hushuka. Pima laktati tena na tena. Mwelekeo wake ni shahidi mzuri kuliko namba moja.

Sasa ile rangi. Haidroksokobalamini ni nyekundu iliyokolea, na itamgeuza mgonjwa kuwa mwekundu ngozini, machoni, na zaidi kwenye mkojo. Wekundu wa ngozi unaweza kukaa hadi wiki mbili, wa mkojo hadi wiki tano. Mwambie yeye na ndugu zake mapema, maana mkojo mwekundu kama mvinyo huwatisha watu wakadhani ni damu. Kwa mhudumu, hatari ni nyingine: mashine nyingi za maabara hupima kwa kutazama rangi. Kreatinini, bilirubini na magnesi zinaweza kutoka na majibu ya uongo, na kipimo cha kaboni monoksaidi pia. Ndiyo sababu sampuli za awali zina thamani. Mashine ya kusafisha figo nayo inaweza kusoma wekundu huo kama damu inayovuja na kujizima. Waambie mapema walio kwenye kitengo hicho, kwa sababu dawa hii yenyewe imewahi kusababisha figo kuumia.

Kama ulitoa naitraiti, fuatilia methemoglobini na usiiache ipite asilimia 30. Kuwa mwangalifu sana na methilini bluu, dawa ya kawaida ya tatizo hilo: ikiirudisha hemoglobini katika hali yake ya awali, sianidi iliyoshikwa inaweza kufunguliwa upya. Muulize mtaalamu wa sumu kabla.

Hatua ya 8: Saa na wiki zinazofuata

Mlaze mgonjwa chini ya uangalizi kwa angalau saa 24, na zaidi kama chanzo kilikuwa cha kuchelewa. Aliyemeza sumu kwa makusudi aonane na mtu wa afya ya akili kabla ya kuruhusiwa, na asiachwe peke yake wodini hata kama anaonekana mtulivu.

Mpangie kurudi kliniki baada ya wiki chache. Sehemu za ubongo zinazoratibu mwendo huumizwa kirahisi na sianidi, na wapo wanaotoka hospitali wakitembea vizuri, kisha mikono ikaanza kutetemeka, misuli ikakakamaa na hatua zikawa fupi kama za mgonjwa wa Parkinson. Anayemfahamu vizuri nyumbani ndiye atakayeona mabadiliko hayo kwanza, kwa hiyo mweleze huyo pia, na umwandikie dalili hizo kwenye karatasi pamoja na namba ya simu ya kupiga.

Kama kazini kwenu sianidi inatumika, au hospitali yenu hupokea wahanga wa moto, nenda leo ukaulize mambo matatu: kiuasumu kipo, kinakwisha muda lini, na usiku wa manane ufunguo wa kabati anao nani.